Kisanduku cha Jina la Baba

Fomu ilikuwa na visanduku vitatu vya majina: lako, la baba, la babu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzi tu, nina mwandiko mzuri na maringo ya kutosha, na miaka ile ya wakimbizi Kigoma haikukosa kazi kwa msichana anayejua Kiha. Mama yangu ni Muha wa Simbo. Mrundi akisema nami kwa lugha yake nilimwelewa bila kuhangaika. Basi nikapewa meza kwenye kituo cha mapokezi karibu na ziwa, niandikishe watu wanaoshuka kwenye mitumbwi kabla malori hayajawapeleka kambini.

Tabu ilikuwa kisanduku cha pili. Kwetu Ujiji, upande wa baba, mtoto hupewa jina la siku aliyozaliwa au la bibi yake aliyefariki, kisha la baba linafuata nyuma. Watu watano wa mtaa mmoja huitwa sawa na hakuna anayeshangaa. Wale waliovuka hawakuwa hivyo. Baba ana lake, mama ana lake, na kila mtoto ana la kwake, limetungwa alipozaliwa kwa ajili yake peke yake. Tena ndani ya jina hilo mzazi huwa anawajibu majirani zake. Nilikuwa nawatafsiria makarani wenzangu: huyu maana yake tunalala macho, yule maana yake wananicheka nikipita, mzee wa pale maana yake kifo hakijanisahau. Mwanzoni tulicheka. Baadaye tukaacha, kwa sababu watu walikuwa wakitusimulia walikotoka, na majina yalikuwa yameshasema yote tangu zamani.

Karani mkuu, mzee mmoja mtaratibu, alituambia tangu siku ya kwanza: "Mtu asipotaka kutaja, pigeni kistari, wanangu. Msimkamue." Nilimwona mvivu. Ujuaji mwingi mbele kiza, lakini mjuaji huwa hadhani kuwa anasemwa yeye.

Asubuhi moja akaja mama mwenye mabinti watatu. Nilimsalimu, "Amahoro," akaitikia huku macho yake yako mlangoni. Watoto aliwataja kwa majina ya ubatizo tu, yale ambayo kila parokia inayo kumi kumi. Nilipofika kwenye kisanduku cha baba akaizuia kalamu yangu kwa kidole.

"Piga kistari," alisema. Alishasikia kwa wenzake.

"Mama, watoto wasio na baba kwenye fomu watapata shida huko mbele. Wanaweza hata kutenganishwa."

"Oya," alisema, yaani hapana. "Nimekataa."

Nikadhani ni aibu, kwamba watoto ni wa nje ya ndoa. Nasema ukweli, nilimdharau kidogo. Nikamwinamia yule mdogo, wa miaka mitano hivi, nikamuuliza kwa Kiha, kwa sauti ya kubembeleza, baba anaitwa nani. Akanijibu wazi, kama alivyofundishwa kuwajibu wakubwa. Maana yake ni: watanikuta nimesimama. Mama yake alimshika bega, lakini alikuwa amechelewa.

"Usiliandike," aliniambia. "Kwetu jina hilo analo mtu mmoja tu. Wanaomtafuta wanajua ana watoto, na wakiwapata watoto, atajitokeza."

"Hapa ni Tanzania, mama. Hapa hakuna wa kuwafanya kitu."

Nikaliandika mara tatu, moja kwa kila mtoto, herufi zimenyooka. Hakubishana tena. Mkimbizi atabishanaje na mwenye kalamu?

Kila jioni nilinakili majina ya siku ile kwenye karatasi kubwa, tukaibandika ukuta wa nje ili waliopoteana waonane. Niliipenda kazi hiyo kuliko zote. Nilishaona mume akimpata mkewe pale ukutani, na nilijisikia kana kwamba nimewaunganisha mimi.

Siku ya tatu akaja mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi. Alipitisha kidole kwenye orodha, mstari kwa mstari, kikasimama. Kisha akaja mezani kwangu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, binti. Hawa watatu ni watoto wa kaka yangu. Wanaondoka lini?"

"Kesho asubuhi, lori la kupitia Mwandiga. Sasa hivi wako hema la mwisho, nyuma ya jiko. Nikuitie mama yao?"

"Usimsumbue. Nitamshtukiza mwenyewe."

Akatabasamu, akatoka nje ya uzio. Nikakimbia kumpasha mama yule habari njema. Nilimkuta anaosha sufuria.

"Shemeji yako amekuja," nikamwambia. "Anawatafuta."

Alibaki ameishika ile sufuria. "Mume wangu amebaki peke yake kwao," alisema. "Ndugu zake wote tulishawazika. Umemwambia nini?"

Nikamweleza yote. Hakunitukana, na ningependa anitukane. Alimfunga mdogo mgongoni, akawaambia wale wawili wasibebe kitu isipokuwa ndoo, ili waonekane wanakwenda kuchota maji. Wakapita nyuma ya jiko, wakashika njia ya kupanda Gungu. Mpaka leo sijui walifika wapi, wala kama walifika.

Nilikwenda nikaichana ile karatasi ukutani. Karani mkuu aliponiuliza, nikasema ni upepo.

Kesho yake wakaita majina kwenye lori. Waliwaita mabinti wale mmoja mmoja, na kila mmoja kwa jina la baba yake, kwa sauti kubwa, mara tatu. Hakuna aliyeitikia. Mwanamume wa shati la pasi alikuwa amesimama kando ya lori, akisikiliza. Kisha akaja kwangu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Wamekwenda wapi, binti?"

"Sijui."

Ukiacha ile njia ya Gungu, ilikuwa kweli, na nilimshukuru Mungu kwamba mama yule hakuniambia. Mwanamume akatazama ukutani, pale vilipobaki vipande vya karatasi, akatazama mikono yangu. Akatoa kijitabu mfukoni, na kalamu.

"Na wewe," akasema kwa upole, "unaitwa nani? Na baba yako?"

Nikataja majina mawili. Yalikuwa ya msichana niliyekaa naye dawati moja, mkazi wa mtaa wa tatu kutoka kwetu, na yalinitoka kabla sijafikiri. Akayaandika polepole, akanisomea, akaniuliza kama ameyapata sawasawa. Nikasema ndiyo.