Programu Zilizoingia Bila Hodi

Sipendi mtu aingie kwangu bila hodi. Ndiyo maana nilikasirika nilipokuta kwenye kompyuta yangu, pale Iringa, programu nisiyoijua. Nikaifuta. Asubuhi nikaikuta ipo, na imeleta mwenzake. Nikafuta tena, zikarudi zaidi. Taa ya mashine ikawa inawaka na kuzima bila mtu kuigusa. Jamani, niliogopa! Nikaanza kuifunika kanga, maana nilihisi kuna mtu ndani ananitazama.

Ningeitupa, ila ndani yake kulikuwa na sauti ya mama. Miaka ya sabini, tukiishi Mbeya, baba alimrekodi kwenye kaseti akipiga soga jikoni, ana mimba kubwa ya mdogo wangu wa mwisho. Alifariki akimzaa. Baba aliificha kaseti mpaka naye alipofariki. Nilipomaliza kuihamishia sauti kwenye kompyuta, redio ikaitafuna kaseti. Mdogo wangu, mkulima wa mpunga kule Ubaruku, hakuwahi kuisikia.

"Dada, nikimaliza kuvuna nakuja," aliniambia kwenye simu. "Itunze."

Nikaipeleka mashine kwa fundi. Kwetu kompyuta ikiugua dawa ni moja, kupiga windo: unafagia mfumo wote, unaweka mpya.

"Na vitu vyangu?"

"Vitabaki, mama. Ondoa shaka."

Hakuuliza nimeviweka wapi. Sauti ya mama niliiweka pale mbele kwenye kioo, niione kila nikiwasha, na vya pale mbele ndivyo windo linaondoka navyo. Mashine ilirudi safi, tupu. Nilimtukana yule fundi mpaka majirani zake wakatoka madukani. Baada ya siku chache zile programu zikarudi, zote. Mama hakurudi.

Mdogo wangu akafika na mchele, amevaa shati la kanisani. Nilimwambia kabla hajakaa. Akakaa, mikono magotini, akaitazama mashine mpaka nikatamani anifokee.

"Mama alisema nini?"

"Alisema, 'Huyu wa tumboni mateke yake! Atakuwa mkorofi huyu.' Halafu akacheka."

"Akacheka vipi?"

Nikajaribu. Kikatoka kicheko changu mwenyewe, cha bibi mwenye kikohozi. Niliona aibu, nikaacha. Mdogo wangu alikuwa amefumba macho, anasikiliza.

"Rudia, dada," akasema.