Ngozi ya Mbuzi wa Amana

Vita vya Wajerumani, Wadachi kama tulivyowaita, na Waingereza vilinikuta nikiwa mpangaji katika nyumba ya udongo yenye vyumba vinne, chini kidogo ya boma la Arusha, upande wa mto Themi. Nilikuwa kijana, sijaoa, na kazi yangu ilikuwa kushona matandiko ya farasi na kamba za kufungia maksai katika karakana ya Kaburu mmoja. Ngozi ndizo nilizozijua kuliko kitu kingine chochote duniani, na ujuzi huo ndio ulioniponza.

Mwenye nyumba alikuwa Mmeru wa makamo, zamani mnyapara wa wapagazi. Yeye na mke wake waliishi Tengeru, huko mlimani, penye migomba yao, na yeye alishuka mjini siku za soko na kulala katika chumba cha nne. Kwenye misafara alikuwa ameona watu wengi wakitoroka na deni, kwa hiyo hakumpangisha mtu bila amana. Mimi nilimpa rupia nne za fedha, mbali na kodi ya mwezi. Tulikubaliana kwamba nikihama bila deni, nikaacha chumba kikiwa kizima, atanirudishia zote nne. Masharti hayohayo aliwapa wapangaji wengine wawili. Mmoja alikuwa mtu wa pwani, mpishi wa afisa fulani kule bomani. Wa pili alikuwa mama wa Kiarusha, mjane, aliyeuza maziwa.

Miezi michache baada ya vita kuanza, rupia za fedha zilianza kupotea. Hakuna aliyezila. Watu walizificha tu, kwenye nyasi za paa, chini ya mafiga, wengine shambani. Badala yake zikaja noti, nyingine za karatasi mbaya iliyolegea mkononi kama jani lililonyeshewa. Kaburu alitulipa kwa noti hizo. Ukizipeleka dukani, Mhindi alikutajia bei mbili, bei ya fedha na bei ya karatasi, na ya karatasi ilipanda kila wiki. Ikapigwa mbiu kwamba mwenye fedha azipeleke bomani zikabadilishwe kwa noti.

Hapo ndipo tulipoanza kumwangalia mwenye nyumba kwa jicho la pembeni. Rupia zetu alikuwa nazo yeye. Je, angezibadilisha atupe karatasi? Au angesema amezibadilisha, kumbe amezifukia? Mpishi alinong'ona kwamba ameshamwona akitoka bomani na bahasha. Sikumuuliza alimwona lini.

Siku ya soko mwenye nyumba alituita uani. Alisema hataki kutupa karatasi wala hataki kukamatwa na fedha ndani. Wazo lake lilikuwa kwamba rupia zetu zinunue mbuzi majike, kila mpangaji mbuzi wake, wakae Tengeru kwa mke wake. Atakayehama atapewa mbuzi wake. Wakizaa, mtoto wa kwanza ni wa mchungaji, wanaofuata ni wa mwenye mali. Mama wa maziwa alikubali mara moja, maana kwao mali ni ya miguu minne. Mimi na mpishi tulikubali kwa shingo upande. Tulikwenda sokoni pamoja, na mimi nilichagua jike la kahawia lenye mkanda mweupe tumboni.

Kwa muda mambo yalikuwa mazuri. Halafu askari wakaanza kuzunguka mlimani kutafuta nyama ya jeshi. Walichukua ng'ombe, walichukua mbuzi, wakaacha hati za kulipwa vita vikiisha. Kabla wiki mbili hazijapita, mwenye nyumba alishuka na gunia begani. Alilifungua uani akatoa ngozi tatu zilizokauka.

Alituambia maradhi yameingia zizini na mbuzi wote watatu wamekufa. Kule mlimani, mnyama uliyemwekesha mtu akifa, aliyemchunga hukuletea ngozi ili ujue hakumuuza wala kumla. Basi yeye ametuletea. Alizungumza akiwa ameinamisha uso, na alimpa kila mtu ngozi yake.

Yangu ilikuwa ya kahawia, yenye mkanda mweupe. Niliigeuza kwa mazoea ya kazi tu. Upande wa ndani ulikuwa mweupe, safi, bila mishipa ya damu iliyoganda. Mnyama aliyekufa kwa maradhi hawi hivyo; yule alichinjwa akatoka damu yote. Nikapitisha kidole tumboni kutafuta alama za kiwele. Hazikuwapo. Nilikuwa nimeletewa ngozi ya dume.

Mpishi alikuwa amekaa kizingitini akisugua miguu, na mama alikuwa anakunja ngozi yake polepole.

"Mzee," nilisema, "huyu si mbuzi wangu. Huyu alikuwa dume, na alichinjwa siku nyingi."

Mwenye nyumba alinitazama. Nilitarajia aape au akasirike. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Kijana wangu, pokea ngozi yako, uingie ndani."

Sikuingia. Nilisema kwa sauti ya kusikika kwamba mbuzi wetu wameuzwa, na kwamba fedha iko mfukoni mwake. Yeye alilikunja gunia lake akaondoka, ingawa jua lilikuwa bado juu na desturi yake ilikuwa kulala. Mpishi akaniambia nimesema kweli tupu. Mama wa maziwa aliingiza ngozi yake chumbani na kufunga mlango.

Siku nne baadaye tulisikia kwamba askari wamekwenda Tengeru, moja kwa moja hadi kwa mwenye nyumba. Walipita zizi tupu lililokuwa mbele, wakashuka bondeni nyuma ya migomba, wakakuta mbuzi wamefungiwa kwenye kibanda kilichofunikwa kwa majani makavu. Mbuzi wetu walikuwamo, pamoja na wake na wa shemeji zake. Alikuwa amewaficha wasichukuliwe. Ngozi alizileta ili habari ya vifo ienee mjini, maana hakujua nani kati yetu ana mdomo mwepesi. Askari waliwaswaga wote, na yeye wakamchukua kubeba mizigo ya jeshi. Mke wake alibaki na kipande cha karatasi.

Mimi mara moja nilimshuku mpishi. Nani mwingine? Yeye ndiye aliyelala na kuamka bomani, yeye ndiye aliyesikia kila neno uani. Niliacha kuitikia salamu zake. Nilianza kuhesabu nyama aliyorudi nayo jioni, nikijiambia ndiyo malipo yake. Naye alinishuku mimi, nikajua hivyo kwa sababu alianza kufunga chumba chake hata akienda kisimani. Tuliishi miezi kadhaa namna hiyo, ukuta mmoja katikati, kila mtu akisikiliza kikohozi cha mwenzake.

Waingereza walipoingia Arusha, mpishi alikuwa ameshaondoka na afisa wake. Aliacha mkeka na deni la mwezi. Noti za Wadachi hakuna aliyezitaka tena. Watoto walizichezea barabarani. Zile hati za mbuzi nazo hazikuwa na wa kuzilipa.

Asubuhi moja mke wa mwenye nyumba alishuka kutoka Tengeru, akiongoza mbuzi jike na watoto wake wawili. Alisimama mlangoni kwa mama wa maziwa, wakaamkiana, akamkabidhi kamba. Nilitoka nje nikauliza imekuwaje, kwa kuwa askari walichukua wote.

"Mmoja hakuwamo," mke yule alijibu. "Mama huyu alikuja kwangu siku ya pili baada ya ngozi."

Nilimgeukia mama. Nilimuuliza, kwa hiyo alijua tangu mwanzo kwamba ngozi si zenyewe?

"Nilijua kama wewe, mwanangu. Nimechunga mbuzi tangu sijaota meno. Ila mimi nilipanda mlima nikamuuliza mwenye kuwachunga. Akanionyesha walipo, nikamwomba wangu nimpeleke kwa ndugu zangu upande wa machweo."

Hakusema kwa kunisuta, ndiyo maana maneno yake yalikaa nami. Usiku ule nililazimika kulitazama jambo ambalo nilikuwa nimelikwepa. Kesho yake baada ya ugomvi uani, tukiwa karakanani mchana, niliwasimulia wenzangu kisa cha ngozi ya dume. Nilikisimulia kama kichekesho, kuonyesha jinsi nisivyodanganyika kwa ngozi. Palikuwa na askari amekaa akingoja mkanda wake ushonwe. Alicheka kuliko wote. Kisha akauliza, kwa namna ya mtu anayependa hadithi, mwenye nyumba huyo kwao ni wapi. Nikamwambia ni Tengeru. Nadhani nilimwambia hata juu ya migomba.

Muda wote ule nilikuwa nikimshuku mpishi wa chumba cha pili.

Mwenye nyumba alirudi mwisho wa masika, amekonda, mguu mmoja haukanyagi vizuri. Nilikwenda kumwamkia. Nilimpigia shikamoo, akaitikia, na kabla sijakaa nikamweleza yote: karakana, mkanda, yule askari na swali lake. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alinisikiliza akiukanda mguu wake kwa mafuta.

"Ulimtajia Tengeru?"

"Nilimtajia."

Aliushusha mguu chini. Halafu alisema kwamba siku ya ngozi alitaka kuniambia ukweli, kwa sababu aliona nimeshaujua nusu. Akaogopa. Mpishi alikuwa pale kizingitini, na mimi mwenyewe hakunijua vya kutosha. Aliniomba nihame mwezi ukiisha. Kuhusu amana, alisema imekwenda na mbuzi na hatudaiani. Sikubisha.

Nilihamia Kijenge. Kwa miaka iliyofuata nilikuwa nikipanda Tengeru kununua ngozi, na mara nyingi tulikutana sokoni. Nilimwamkia, naye aliitikia na kuniuliza habari za kazi. Lakini mbele yangu hakutaja tena mali yake, hata siku ile nilipomkuta ameshika kamba ya mbuzi aliyetoka kumnunua.