Tulikuwa Wawili Kwenye Sauti ya Nne

Mke wangu alikwenda Tanga kumuuguza mama yake, akasema atakaa mwezi mmoja. Mama akapona nusu, mwezi ukawa mwaka, na watoto wakahamishiwa skuli za huko. Hatukugombana. Kila Jumapili tulizungumza kwenye simu, na kila Jumapili maneno yalipungua kidogo, mpaka tukawa tunaulizana kama mvua imenyesha. Mimi nilibaki Michenzani, ghorofa ya nne, vyumba vitatu peke yangu.

Kazi yangu ni ufundi wa mafriji na viyoyozi. Mchana kutwa nilizunguka kwenye mahoteli na nyumba za Mji Mkongwe, na watu walisema nami habari za mashine tu: inavuja, haigandishi, inanguruma. Kuna siku nilirudi nyumbani, nikakaa kwenye kiti, nikakumbuka kwamba neno la mwisho nililomwambia mtu siku ile lilikuwa "gesi".

Hata kwenye kwaya nilifika kwa sababu ya kazi. Palikuwa na ukumbi mdogo ghorofani, katika nyumba ya zamani kule Mkunazini, na kiyoyozi chake kilikuwa kikidondosha maji sakafuni. Nilikuwa bado juu ya ngazi, alasiri imeshaingia, watu wakaanza kuja na kujipangia viti. Walikuwa kama thelathini: wanawake wa mabuibui, wasichana wa maofisini, muuguzi na sare yake, mwalimu wa skuli ya msingi, Mgoa mmoja mwenye duka la vitambaa. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, na yeye mwenyewe sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, hata usingedhani ni mwalimu wa kuimba.

"Fundi, utachukua muda?" akaniuliza.

"Dakika tano tu, mwalimu."

Akaacha karatasi zake, akanitazama. "Hebu sema tena."

"Dakika tano."

"Ukimaliza usiondoke. Nna besi mmoja tu, na mtu mzima."

Huyo besi mmoja alikuwa amekaa mwisho wa mstari wa nyuma, kanzu imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, kofia imekaa sawasawa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akausogeza mkoba wake wa plastiki ili nipate kukaa. Baadaye nilijua kwamba alikuwa Mtumbatu kwa asili, karani mstaafu wa bandarini, na kwamba ujana wake wote alikuwa mwitikiaji katika kikundi kimoja cha taarabu ambacho wenyewe walikufa mmoja mmoja mpaka kikafa na chenyewe. Katika kikopo cha dawa alikuwa na karafuu. Alinipa moja, akaniambia niishike kwenye shavu, nisiitafune.

Basi nikawa nakwenda kila Jumatano na Jumamosi, baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi. Tuliimba mambo mengi yasiyofanana. Tuliimba taarabu za zamani, kasida, nyimbo za kanisani, wimbo wa Kizulu, wimbo wa Kijerumani ambao maana yake aliijua mwalimu peke yake, na wimbo wa wanawake wanaolima mwani ambao yeye mwenyewe aliufuata Jambiani, akausikiliza huku amesimama majini na kinasa sauti chake kikining'inia shingoni. Utaratibu ulikuwa kwamba wimbo usiokaa vizuri na dini yako, unyamaze tu, hakuna atakayekuuliza. Zikija za kanisani, yule mzee alikuwa akinishikia karatasi na kunionyesha kwa kidole nilipofika. Zikija kasida, mimi nilivuma kwa mdomo uliofungwa, na yeye ndiye akitamka maneno.

Sauti ya nne, yaani besi, haibebi wimbo. Wimbo wanaubeba wanawake wa sauti ya kwanza, sisi tunakuwa chini kama sakafu. Nilipokuwa nafanyia mazoezi nyumbani, jirani yangu aliyekuwa akianika nguo aliniuliza, "Nyimbo gani hiyo, jirani?" Nikamtajia. Akacheka. "Hiyo naijua mimi. Haiendi hivyo." Alikuwa na haki ya kucheka, maana ukiisikia sauti ya nne peke yake ni manung'uniko tu. Lakini nikisimama na yule mzee, bega kwa bega, manung'uniko yetu yalishikana yakawa kitu. Nilihisi kifua chake kikitetemeka kwenye mkono wangu. Zaidi ya hapo hatukuwa na mazungumzo makubwa. Aliniita fundi, nami nilimwita mzee wangu. Sikujua hata anapokaa. Hata hivyo, mwaka ule hapakuwa na mtu mwengine niliyesimama karibu naye kiasi kile.

Kisha akaanza kukosea. Kwanza alichelewa kuingia, nikadhani ni uchovu. Halafu, katika ule wimbo wa mwani, pana mahali sauti yetu inavuta neno moja refu kisha inakatwa ghafla, ukumbi mzima unyamaze. Siku moja mkono wa mwalimu ukakata, sote tukanyamaza, yeye akaendelea kuvuta peke yake, macho ameyafumba, uso umejaa raha. Wasichana wa mbele wakacheka. Alipofumbua macho akatutazama mmoja mmoja, naye akacheka, kama mtu anayecheka mzaha asioujua.

Baada ya siku ile niligundua kwamba alikuwa haniangalii usoni bali kooni. Alikuwa akiimba kwa kulitazama koo langu. Nalo halikumtosha. Sauti yake ilishuka kidogo kidogo, ikanivuta na mimi, nikawa narudi nyumbani nimeudhika. Jumatano moja nilibaki nyuma nikamwambia mwalimu, "Mzee ananipoteza. Bora niimbe peke yangu." Nayaandika kama nilivyoyasema. Hakuna aliyenilazimisha.

Zikapita wiki mbili. Onyesho letu kubwa lilikuwa limekaribia. Mwalimu akaniita pembeni. "Nimeyafikiri yale uliyosema," akasema. "Kweli hasikii tena, maskini. Lakini nyinyi ni marafiki. Mwambie wewe, kwa upole."

Nilimkuta barazani chini, anavaa viatu. Mbele yake palikuwa na wanaume wawili wanacheza keram, na mwanamke anauza mikate mlangoni kwake. Nikakaa.

"Mzee wangu, nna neno."

"Eh?"

"Nna neno nataka kukwambia. Habari za kwaya."

"Leo tumeimba vizuri," akasema.

Nilikuwa nimeshayapanga maneno yangu, ya upole, ya kumstahi. Lakini mtu asiyesikia huwezi kumwambia jambo kwa upole. Nikayarudia, akaweka kiganja nyuma ya sikio. Nikainua sauti, hakupata. Mwisho nikajikuta napaza, katika kichochoro kile ambacho hata kikohozi hupiga kuta mbili:

"Mwalimu anasema usiimbe kwenye onyesho!"

Wacheza keram wakageuka. Mwanamke wa mikate akainamisha kichwa, akajifanya anapanga mikate yake.

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu husikii!"

Akamalizia kufunga kiatu. Alichukua muda mrefu na kile kiatu. Kisha akanitazama mdomoni, akauliza kwa sauti ya chini, "Ni mwalimu aliyesema, au ni wewe?"

"Mwalimu," nikajibu. Hilo sikuhitaji kulipaza. Alilisoma kwenye midomo yangu.

"Haya. Mwambie namshukuru." Akasimama, akaiweka sawa kofia yake. "Na wewe, vuta pumzi kabla ya ubeti wa tatu. Kila mara unasahau."

Akaenda zake.

Onyesho lilifanyika katika ukumbi mmoja karibu na bahari, watu wakajaa mpaka wengine wakasimama. Niliimba besi peke yangu, na nadhani sijapata kuimba vizuri kama siku ile. Hakuna aliyenivuta. Ubeti wa tatu ulipokaribia nilivuta pumzi. Watu walipiga makofi, wakatuomba turudie wimbo wa mwani, na ile sehemu ya kunyamaza tukainyamaza sote kwa pamoja, safi kabisa. Kwisha kwake kila mtu alichukuliwa na watu wake, wake kwa waume, watoto na maua ya asumini. Mimi nilisimama karibu na meza ya juisi na glasi mkononi. Muuguzi aliniambia nimefanya vyema, kisha mumewe akamwita.

Nilimtumia mke wangu video. Jumapili nikamuuliza kama ameitazama.

"Nzuri sana," akasema. "Lakini wewe sikukusikia. Nilikuona tu mdomo unakwenda."

Miezi miwili baadaye nilianza kumtafuta mzee. Niliuliza bandarini, nikaelekezwa mtaa wa Malindi, kwenye nyumba ya mwanawe. Mkwewe akanifungulia mlango, akaniambia, "Hayupo huku tena. Kahamia Mkokotoni kwa binti yake. Alisema mjini hana la kufanya."

Jumapili iliyofuata nikaenda Mkokotoni. Nilimkuta ukumbini amekaa kwenye mkeka, kanzu yake imepigwa pasi vilevile. Alifurahi, akanishika mkono muda mrefu, akamwita binti yake alete chakula. Tukala wali na samaki wa nazi. Nilimwonyesha video kwenye simu, akaitazama mpaka mwisho, akitikisa kichwa polepole, nyuma kidogo ya wimbo.

Binti alipotoka na sinia, nikaona ndio wakati. Nikasema, kwa sauti ya kawaida, "Mzee wangu, siku ile nilikudanganya. Mwalimu hakuanza yeye. Ni mimi niliyekwenda kumwambia."

Alikuwa akitazama nje kwenye jua. Akageuka, akatabasamu.

"Naam," akasema. "Mwaka huu vuli imechelewa sana."

Ningeweza kuinua sauti. Nilishawahi kuinua mbele ya watu wasionijua, na pale nyumbani hapakuwa na mtu wa kutusikia ila binti yake jikoni. Nilifungua mdomo.

"Imechelewa," nikasema.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Sijarudi tena.

Kwaya ingalipo. Mwalimu bado anatafuta besi wa pili, kila akija mwanamume mpya humwomba aseme neno, lakini wote ni wa sauti ya tatu. Tunafanya mazoezi Jumatano na Jumamosi kama kawaida. Kwenye kiti cha pembeni yangu wanawake wa sauti ya pili huweka mikoba yao.