Chaki Begani

Mimi mwenye malori matatu hapa Moshi, hakuna kinachonishangaza. Lakini leo harufu ya chaki ilinisimamisha mlangoni mwa darasa la binti yangu. "Mzee, huyu hanyooshi mkono kabisa," mwalimu alisema.

Kule Marangu nilikosoma utotoni, aliyejibu swali alichorwa chaki begani, wazazi wake waone. Mimi nilijua Kichagga tu. Maswali yalikuwa kwa Kiswahili, sikujibu hata moja. Baba akaapa: nikirudi tena bega tupu, shule basi, nikate majani ya ng'ombe. Kesho yake nilirudi bega tupu; mama aliacha kuchekecha unga, akanigusa begani kwa kiganja cheupe. "Nenda kamsalimie baba yako. Leo umejibu."

Binti alitoka ameinamisha kichwa. Nikampitisha dukani, nikanunua unga, nikampaka begani.

"Baba, unanichafua!"

"Leo umejibu."

Robo kilo ya unga, shilingi mia tano.