Kichwa cha Jina Kielekee Mlangoni

Harufu ya karatasi kuukuu ikichanganyika na sabuni ya sakafuni, hiyo ndiyo Stockholm yangu ya kwanza. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, majira ya baridi yaliyokataa kuisha, nami msichana wa miaka kumi na miwili. Kila Jumamosi tulipanda treni kutoka kitongoji chetu cha Alby, mama akafanye usafi katika duka la vitu vya kale la bibi mmoja Mswidi, Gunnel. Ukutani palitundikwa ramani za Kijapani za mitaa ya jiji la zamani, zilizochapwa kwa mbao za kuchonga: mito ya buluu, barabara za manjano, na kila nyumba jina la mwenyewe. Majina mengine yamesimama, mengine yamelala ubavu, mengine kichwa chini. Nikacheka, nikasema aliyechapa alikuwa amelewa. Bibi Gunnel akaishusha moja, akaizungusha mezani. "Hajalewa. Kichwa cha jina kinaelekea mlango wa nyumba. Ukitaka kubisha hodi, unajua usimame wapi."

Roho ikaniuma, maana mlango wetu wa Uvira, kule Kongo, nilikuwa nimeanza kuusahau, na mama hakutaka mtaa ule utajwe. Shule sikusoma nyingi, lakini wahusika nawataja bila kumung'unya: Bahati kinyozi, aliyemnyoa baba miaka yote, ndiye aliyewaonyesha wenye bunduki mlango wetu, wakamuua baba, Musafiri, mmoja wao, akahamia nyumbani mwetu kabla hata matanga hayajaisha. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tuliporudi nyumbani nikachora mtaa wetu kwenye karatasi ya kufungia mkate, jina letu nikalielekeza barabarani. Mama akachungulia, sufuria ya sombe, majani ya muhogo, mkononi.

"Weye mtoto, umekosea."

"Mlango si ulikuwa huku?"

"Huo ni wa Bahati na watu wake. Siku ile sisi tulitokea nyuma."

Akatua sufuria, akachukua penseli, akaliandika jina letu upya, kichwa kikitazama uani. Ng'ambo ya ua akaandika Mama Furaha, kichwa kikituelekea sisi. "Huyu alibomoa ua wake tupite. Na mdomo wake ule! 'Piteni, ila msinikanyagie bustani yangu ya lengalenga!'" Mama akacheka. Tangu tufike Uswidi sikuwa nimemsikia akicheka. Akaendelea kuandika mpaka karatasi ikajaa majirani.

Leo simu yangu hunionyesha Uvira kutoka angani: mabati matupu, bila jina hata moja. Wanangu hunijibu kwa Kiswidi. Bahati sijamsamehe, wala sina haraka. Lakini wakiniuliza kwetu ni wapi, zamani ningeanza na yeye. Sasa naanza na Mama Furaha.