Kome Niliyemfunga Pindoni

Juu ya kabati la mama yangu, nyumbani Mpendae, kuna gamba la kome lenye urefu wa kidole, limechongoka nchani na lina michoro ya kahawia kama wavu. Aliliokota Nungwi kabla sijazaliwa. Mwezi uliopita alisema angependa kulipatia mwenzake, ila magoti hayamruhusu tena kutembea miambani. Nikamwambia nitakwenda mimi.

Asubuhi ya safari nilipita kwanza Kizimbani kuchukua mdalasini wa kumpelekea mwenyeji wangu. Nilipoinama chini ya mkarafuu, uso wangu ukakaribiana na kinyonga. Jicho lake moja lilinitazama, la pili lilifuata nzi upande mwingine. Ulimi ukachomoka, mrefu kuliko mwili wake, na nzi akatoweka. Nilirudi kinyumenyume hadi nikaanguka. Mfanyakazi wa shamba alicheka, akasema mnyama yule hana sumu hata chembe.

Saa nne, Nungwi, maji yalikuwa yamekupwa. Bi Zuhura, mwenyeji wangu na rafiki wa mama tangu usichana wao, alinitangulia na chuma chake cha kuchokolea pweza, akinicheka kwa habari ya kinyonga. Alimchokoa mmoja shimoni, pweza akabadilika rangi mara tatu mkononi mwake. Nilikuwa nimesoma kuwa pweza ana mioyo mitatu na damu ya buluu. Sikuwa nimesoma namna anavyomkazia mtu macho.

Nilipotazama pembeni, mchangani kati ya mawe, nikaliona gamba lenye michoro ileile ya wavu. Nikaliokota na kulifunga kwenye pindo la kanga niliyojifunga kiunoni, kama tunavyofunga kila kitu kidogo. Nikaendelea kutembea, likinigonga pajani.

Bi Zuhura aligeuka, akaona pindo limevimba. Akauliza nimefunga nini, nikamwambia gamba, kisha akauliza kama ni jepesi au zito.

"Zito," nikasema.

"Basi mwenyewe yumo. Simama hapohapo, mwanangu. Mikono juu."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema kome yule hutoa mrija wenye jino kama sindano, lina sumu, na nguo haimzuii. Anayechomwa huweza kuishiwa pumzi. Baadaye nilisoma kuwa sumu hiyo haina dawa ya kuitengua.

Maji yalikuwa yameanza kurudi, yamenifika vifundoni. Bi Zuhura akapitisha ncha ya chuma kwenye mkunjo wa kanga, upande wa pili wa kiuno, akavuta. Kanga ikaanguka juu ya jiwe, nikaruka nyuma nikiwa na gauni. Kwenye fundo lililolegea ukachomoza mrija mwembamba, mwekundu nchani, ukapapasa kitambaa kilichokuwa pajani pangu.

Akalibana pindo kwa chuma, akalikata kwa kisu, akalisukumia majini.

"Kinyonga unamkimbia," akasema, "huyu unamfunga kiunoni. Watu wa mjini nyie."

Jioni, Mpendae, mama aliitazama kanga iliyokatwa pindo. Nikamsimulia yote, pamoja na niliyojifunza: gamba tupu ni jepesi. Nilidhani atacheka. Akaliteremsha lake kabatini, akalishika kwa vidole viwili.

"Hili nalo nililifunga pindoni," akasema. "Wakati huo nna mimba yako."

Nikamwuliza kama lilikuwa jepesi.

Alilirudisha taratibu, mdomo wa gamba akiuelekeza ukutani.

"Zito," akasema.