Sauti ya Spase kwenye Kona

Watu wa mpira wakimzungumzia Kirche Naumoski husema alikuwa kiungo mzuri aliyeharibiwa na shingo. Wanacheka wakisema hivyo. Alikuwa na tabia ya kugeuka nyuma ghafla, mpira ukiwa mguuni, kumwangalia mtu ambaye hayupo. Mtandaoni kuna watu wasio na kazi waliokusanya video zake za kugeuka na kuziwekea muziki wa vichekesho. Mimi sijawahi kucheka, kwa sababu namjua aliyekuwa akimwita.

Naitwa Lenka. Nakaa Cringila, Australia, mtaa wa mlimani juu ya kiwanda cha chuma, na kwenye klabu yetu ya Wamasedonia mimi ndiye mchoma kebabu siku za mechi. Wachezaji wamekuja na kuondoka, makocha wamefukuzwa hata majina yao siyakumbuki, mimi nipo na koleo langu. Mimi pia ndiye niliyesimama shahidi kwenye harusi ya wazazi wa Kirche, na kwetu shahidi wa harusi anahesabiwa ndugu, tena ndugu mwenye haki ya kusema hata asipoulizwa. Haki hiyo naitumia sana.

Baba yake, Spase, alifanya kazi kwenye tanuri la chuma maisha yake yote. Kelele za huko zilimfanya asahau kuzungumza taratibu. Akikuomba chumvi mezani, jirani wa pili anasikia. Kwenye mechi za Kirche, tangu mtoto ana meno ya utotoni, Spase alisimama mahali pamoja tu, uzioni kwenye kona iliyo karibu na choo, viatu vya kazi bado miguuni. Na alikuwa na neno moja: "Nyuma yako!" Hakupiga makofi, hakumtukana refa kama wanaume wengine. Mtu akimjia mwanawe kwa mgongoni, Spase alimwona mapema na kupaza sauti kwa Kimasedonia, na mtoto aligeukia upande salama bila kutazama. Waliokuja kutoka Sydney kutafuta vipaji waliondoka wakisema kijana ana macho kisogoni. Yalikuwa macho ya baba yake.

"Mwache acheze mwenyewe," nilimwambia siku moja. "Akienda Ulaya utampigia kelele kutoka wapi?"

"Kutoka hapa hapa. Nitaongeza sauti kidogo."

"Kidogo tu?"

"Wewe geuza nyama, Lenka. Inaungua."

Akaenda kweli. Kwanza Sydney, kisha Uholanzi kwenye timu ya daraja la pili ambako alikaa benchi majira mazima akinenepa kwa viazi, kisha Ubelgiji, ambako mambo yalimnyookea. Akaitwa timu ya taifa ya Australia. Siku alipovaa ile jezi ya manjano mara ya kwanza, klabu iligawa bia bure, na mimi niliunguza kebabu zote kwa sababu nilikuwa nalia. Siku moja kabla ya kila mechi Spase alimpigia simu, akampa lile neno lake moja, akakata.

Spase alikuwa na sheria: mchezaji hapewi habari mbaya kabla ya mechi. Bibi yake Kirche alipofariki, fainali ya vijana ikiwa kesho yake, nyumba nzima ilifuta machozi ikamkaangia mtoto mayai. Aliambiwa akiwa ameshika kombe. Mtaani tulimsifu Spase, tukasema huo ndio ubaba. Ndivyo tulivyo sisi tuliohama. Tuliwaficha waliobaki kijijini mabaya ya huku, nao wakatuficha ya kule, kila mtu akidhani anamlinda mwenzake, hadi unapiga simu kumsalimia mjomba kumbe alizikwa mwaka juzi.

Spase mwenyewe alianguka gereji, siku ya Alhamisi, akikaza vifuniko vya chupa za pilipili hoho tulizozichoma kwa ajili ya mwaka mzima. Moyo. Mkewe Dostana alimkuta kakaa chini ameegemea friji, mikono myekundu kwa pilipili, akadhani amepumzika. Akamwambia, "Inuka, sakafu ina baridi."

Jumamosi yake, kule Ubelgiji, Kirche alikuwa na mechi ya mwisho ya msimu. Wasiposhinda, wanashuka daraja. Nyumba ilikwishajaa watu, na mimi nilikuwa jikoni nachemsha ngano ya matanga, ile tunayogawa kumkumbuka marehemu, Dostana alipoingia na kufunga mlango.

"Hakuna atakayemwambia mpaka amalize mechi," akasema. "Spase angetaka hivyo."

"Spase hataki kitu tena," nikamjibu. "Mtoto ana haki ya kumlilia baba yake siku moja na sisi."

"Lenka, leo usinianze. Nakuomba."

Wote waliokuwa jikoni walikuwa upande wake. Nikakoroga ngano.

Ijumaa jioni Kirche alipiga simu mwenyewe, kwa kuwa baba yake hakupiga. Dostana akapokea huku anatabasamu. Tabasamu lile niliona, na sitaki kuliona tena kwa mwanadamu yeyote.

"Baba yako kalala, mwanangu. Pilipili zimemchosha." Akasikiliza. "Ndiyo, saa hizi. Kazeeka, ufanyeje."

Hapo uvumilivu ukanishinda. "Mwambie mtoto, Dostana!" nilipiga kelele kutoka jikoni.

Akaziba simu kwa kiganja, akanitazama kwa macho ambayo sikuyajua. Kisha akasema na simu: "Ni Lenka huyo tu. Anagombana na watu kuhusu bei ya nyama." Upande wa pili Kirche akacheka kidogo, akasema anachelewa mazoezini.

Jumapili alfajiri simu ikalia tena. Tulikuwa tumekaa sebuleni na nguo nyeusi, kahawa mkononi. Dostana akabonyeza spika bila kukusudia, na sauti ya kijana ikajaza nyumba.

"Mama, tumebaki! Hatushuki! Mpe baba simu!"

"Mwanangu..."

"Mpe simu, Mama! Nimemsikia, naapa kwa Mungu. Dakika za mwisho, jamaa ananijia mgongoni, nikasikia 'Nyuma yako!' Kwa lugha yetu, kama yuko pale uzioni! Nikageuka, nikatoa pasi, goli! Mwamshe, mwambie nimemsikia!"

Dostana akamwambia. Alitumia maneno machache, na yote yalikuwa ya kweli, ya kwanza tangu Alhamisi.

"Lini?" Kirche akauliza.

"Alhamisi."

Akakata.

Alikuja kwenye mazishi. Alimbusu baba yake kwenye jeneza, akanikumbatia mimi, akampita mama yake kama anapita mlango. Kesho yake akapanda ndege. Dostana hakulia. Alibaki dirishani na aproni, akiangalia gari la kukodi likishuka mlima.

Ile sauti haikumwacha Kirche. Mwanzoni ilimsaidia, na msimu mmoja magazeti ya Ubelgiji yalimsifu. Kisha ikaanza kumwita wakati nyuma hakuna mtu. Kirche anageuka, mpira unachukuliwa, makocha wanashika vichwa. Akauzwa Korea, Korea wakamtoa kwa mkopo, akaenda Uarabuni kukimbia kwenye joto mbele ya viti vitupu, kila mkataba mfupi kuliko uliotangulia. Mimi alinipigia. Kwa mama yake alipiga Krismasi na Pasaka tu, akizungumza naye kama karani wa benki.

"Shangazi, jana kaniita kipindi kizima," aliniambia wakati mmoja. "Viti vitupu, halafu sauti ya baba tu. Nimwambie inatosha?"

"Usithubutu kumfukuza baba yako."

"Basi atanimaliza."

Nilimweleza Dostana, na labda ingekuwa heri nisingemweleza, kwa sababu alilichukua lote akalifanya lake. Kwamba Spase hatulii kaburini kwa vile yeye, mke, alimnyima machozi ya mwanawe. Kila sikukuu ya wafu alipeleka ngano na divai kaburini, akamwaga, akamsihi mume wake amwachie kijana. Akapungua mwili. Hakuvua nguo nyeusi. Kitu alichotaka duniani kilikuwa kimoja, mtoto wake amsamehe, na hakujua aanzie wapi kuomba.

Mwaka huu Kirche akarudi, magoti yamekwisha, kumalizia mpira kwenye klabu yetu aliyoanzia. Alipanga chumba Warrawong, mwendo mfupi tu kutoka kwa mama yake, na hakwenda kumwona. Watu walikuja kwenye jiko langu wakijifanya wananunua kebabu, kumbe wanatafuta umbeya.

Mechi yetu ya kwanza ikaangukia Jumapili ya Msamaha. Siku hiyo, kabla ya mfungo wa Pasaka, wadogo huenda kwa wakubwa, huinama, hubusu mkono na kusema "nisamehe". Mkubwa hujibu, "Nimekusamehe, na Mungu akusamehe." Hata waliogombania ua wa nyumba hufanya hivyo, kisha kesho wanaendelea kugombana.

"Unaenda kwa mama yako," nikamwambia.

"Shangazi, nina mechi saa tisa."

"Na mama unaye saa nne. Vaa shati."

Nilimshika mkono kabisa, mtu mzima mwenye mvi, tukapanda mlima. Dostana alikuwa jikoni. Alipomwona hakusema karibu. Alimsogelea, na kabla hatujaelewa, akainama yeye, mama kwa mtoto, jambo ambalo katika umri wangu wote sijaliona, akaushika mkono wa mwanawe aubusu.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikunyima baba yako."

Kirche akauvuta mkono kama aliyerukiwa na mafuta ya moto. "Usifanye hivyo, Mama. Hukuninyima." Akakaa sakafuni. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Ile Ijumaa. Nilimsikia shangazi. 'Mwambie mtoto.' Na baba hajawahi kulala saa zile tangu nizaliwe. Nilijua pale pale. Ningeuliza neno moja tu, ungeniambia. Sikuuliza."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kucheza."

Mimi nikaingilia. "Na ile simu ya alfajiri? Mpe baba simu, mwamshe?"

"Niliposikia sauti uwanjani nikasema basi nilikosea, yuko hai. Niliamini, shangazi. Nilikimbia kupiga simu na viatu vya mpira miguuni."

Dostana alishika ukingo wa meza. "Miaka yote hii," akasema, "umeniacha nijiite muuaji."

"Ilikuwa rahisi kukukasirikia wewe."

Nasema wazi, nilitaka kumpiga kwa kikaangio. Nilimpenda kijana yule kama wangu, na saa ile nilimchukia. Akajikokota kwa magoti mpaka kwa mama yake, akambusu mkono, akasema lile neno linalotakiwa. Dostana alilijibu, kwa sababu siku hiyo desturi haikupi njia nyingine.

"Nimekusamehe, na Mungu akusamehe." Kisha akaongeza, "Hayo ni ya kanisa. Ya kwangu mwenyewe utayasubiri."

"Nitasubiri."

"Bado anakuita?"

"Kila mechi."

"Kwa sauti ile ile?"

"Ile ile, Mama."

Akaketi polepole. "Mimi hajaniita hata mara moja," akasema. "Naacha mlango wa gereji wazi. Nazima redio. Sijasikia hata akikohoa."

Miaka yote nilidhani anaiogopa ile sauti, kumbe alikuwa akimwonea mwanawe wivu.

Saa nane akavaa koti akateremka nasi uwanjani, mara yake ya kwanza tangu msiba. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona iliyo karibu na choo. Nilimwachia mwenzangu koleo, nikaenda kusimama naye. Hakutazama mpira. Alifumba macho na kushika uzio kwa mikono miwili, na kipindi cha kwanza chote hakusogea.

Kipindi cha pili Kirche akapokea mpira katikati ya uwanja, akageuka ghafla kuangalia nyuma. Nyuma hakuna mtu. Mashabiki wa wageni wakaangua kicheko, na mpira ukapotea. Dostana aliinua kichwa, uso wake ukakunjamana kwa jitihada. Nikamgusa bega, nikamuuliza kama nimletee kiti.

"Nyamaza, Lenka," akasema. "Utanifanya nimkose."